Ukoo wa Kuzubaa

Mwaka 2004, nikiwa na miaka thelathini na minane, nilitolewa kwenye nyumba ya mume wangu nikiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Mtoto alikuwa na miaka sita, mkubwa wa kubebwa, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa na homa ilikuwa imempanda, asingeweza kushuka mlima kwa miguu. Dhiki yangu naihesabu kuanzia siku hiyo. Kabla yake nilikuwa maskini tu, na umaskini ni hali ya watu wengi.

Haya naandika mwenyewe. Niliishia darasa la nne Idodi, na anayetaka kunisahihisha kwanza aje anionyeshe alichonacho. Nataka ukoo ule usomewe. Wao wenyewe hawasomi, lakini wana wajukuu wanaosoma.

Nyumba ile iko kwenye milima inayolitazama jiji la Mbeya kwa chini. Watu wa pale hulima viazi na kabichi, Jumapili huenda kanisani, na mwezi wa sita baridi huingia mpaka kwenye meno. Mimi nilitoka Idodi, upande wa Iringa, kwenye joto, nikaolewa huko juu. Mume wangu alikaa nami muda mfupi, akaenda Chunya kuchimba dhahabu. Hakufa. Alipata dhahabu kidogo na mwanamke mwingine, na mpaka leo yuko huko.

Nyumba ikabaki na wakubwa wawili. Wa kwanza ni mama mkwe wangu. Wa pili ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye hakufanya jambo bila kumuuliza mama yake. Na namna ya kumuuliza ndiyo habari yenyewe.

Kuni za mlimani hukaa na maji karibu mwaka mzima. Moto wa huko unaupuliza mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Mama mkwe alikuwa akipuliza, mara anasimama ghafla palepale alipoinama. Mdomo umeachama, kope zinapepea kidogo, vidole vinachezea upindo wa kanga. Ukimwita hasikii. Kisha anarudi, anaendelea kupuliza pale alipoachia, kama hakuna kilichotokea. Jiko zima lilikuwa limeshanyamaza. Shemeji alivua kofia, akachuchumaa, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, polepole, na kuuliza, "Mama, wamesema nini?"

Waliosema ni wazee waliotangulia. Ndivyo walivyoamini pale. Mama mkwe akijibu, jibu lake ni sheria. Shamba la bondeni, lile lenye maji, alisema wazee wamempa shemeji, na wadogo zake wakahamia kwenye mawe bila kuguna. Mchungaji alijua mambo haya, na alinyamaza, maana mke wake naye alishapanda kuja kuuliza.

Mimi nilikuwa mgeni, nikapiga makofi kama wao.

Kisha binti yangu akaanza. Anaongea, anakatika katikati ya neno, macho yako wazi lakini mwenyewe hayupo, kisha anarudi na kumalizia neno lake. Shuleni mwalimu alimchapa, akisema ana kiburi. Nyumbani alimmwagia shemeji uji mapajani, akabaki amesimama na bakuli tupu akimwangalia kama ukuta.

"Huyu mtoto ana dharau," shemeji alisema huku anapangusa suruali. "Mnamlea kama mkuu wa wilaya."

Mimi nilimtazama vizuri mwanangu, nikaona nilichokiona kila siku jikoni. Nikasema mbele ya watu, "Mama, mbona anafanya kama wewe."

Kofi lilikuja kabla sijafunga mdomo. "Unanifananisha na kitoto?"

Kwa hesabu zao, wazee huongea na mtu mzima. Mtoto hawezi kupokea. Kwa hiyo kinachomfanya mzee aheshimiwe, kikimpata mtoto ni kifafa. Na kifafa kwao huambukiza kwa mate. Bakuli la binti yangu likatiwa alama kwa kisu, mkeka wake ukasogezwa mlangoni. Wana imani nyingine pia: mgonjwa wa kifafa akishaungua moto, hatapona tena mpaka kufa.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshuka kuchota maji. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama mkwe alichoka na moshi, akamwambia mtoto, "Puliza wewe." Mtoto akapuliza, mtoto mtiifu yule, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Niliporudi nilimkuta ameinama, kiganja cha kulia kimelala juu ya makaa. Ananitazama na hanioni. Shemeji, mke wake na mama mkwe walikuwa wamesimama ukutani. Shemeji alikuwa amekunja mikono. "Usimguse," aliniambia, "mate yake hayo."

Nilitupa ndoo nikamvuta. Aliporudi kwenye akili zake ndipo alipolia, na kilio kile bado kimo masikioni mwangu, sijakigawia mtu.

Jioni hiyo mama mkwe alipuliza moto, akasimama, akarudi. Shemeji akapiga makofi. Wamesema nini? "Wamesema mtoto atoke, na aliyemleta."

Asubuhi yake shemeji alinisindikiza hadi kwenye njia. Alikuwa mchangamfu. "Nenda naye kwenu Idodi, shemeji. Kule joto kali, ugonjwa wenu utakauka kama dagaa."

Sikumjibu. Mtu ukijibu, hasira inapungua.

Idodi nilipokelewa na mjomba, akanipa majaruba mawili ya mpunga mkiani mwa mfereji, ambako maji hufika yakiwa yamechoka. Nililima. Kila mkulima wa pale ana kimlango chake cha kuingiza maji shambani, ubao na kiroba cha udongo, na kila mmoja ana zamu yake. Wanaume walikuwa wanaibiana zamu. Mimi nilikuwa na mdomo na nilikuwa sina cha kuogopa, basi wakanipa kazi ya kusimamia milango. Nilitembea ukingoni na jembe. Aliyefungua nje ya zamu nilimfungia, na akiongea nilimwongezea maneno ambayo hakuwahi kusikia kwa mama yake.

Mpunga ulinipa nauli, nauli ikanipa chumba Mlandege, pale Iringa mjini, nikawa nauza mchele. Lakini mtoto alikuwa anaharibika. Zahanati moja walimpa vidonge wanavyopewa watu wa kuanguka. Alivinywa, na kuzubaa kukazidi. Ilikuwa mara chache kwa siku, ikawa siku nzima. Alikatika akitafuna, chakula kikabaki shavuni. Nikaanza kuamini yale ya moto, kwamba wameshamfunga kwenye makaa na hatatoka.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kiislamu, mfanyabiashara wa vitenge, wazazi wake walitoka pwani. Aliniangalia siku moja nikimpa mtoto kidonge. "Dada," akasema, "dawa ikinenepesha ugonjwa, hiyo si dawa yake. Mpeleke Mbeya, yupo daktari wa vichwa."

"Mbeya sirudi."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Basi mwapie na mtoto, tuone kama atakushukuru."

Nilikwenda Mbeya. Kutoka kwenye benchi la hospitali niliiona milima ile, nikaipa mgongo.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotaka. Alimbandika mtoto nyaya kichwani kusoma umeme wa ubongo, akamshikia karatasi mbele ya mdomo. "Ipulize, usiiache itulie." Mtoto akapuliza, karatasi ikacheza. Kwenye kioo mistari ilikuwa inakwenda ovyo kama nyasi. Ghafla mistari yote ikainuka pamoja, ikashuka pamoja, vilima vimepangwa kama matuta ya viazi. Nikamtazama mtoto. Hayupo. Kisha vilima vikakatika, na mtoto akapuliza tena karatasi.

"Mama," daktari akaniuliza, "nyumbani mnapikia nini?"

"Sasa mkaa. Zamani kuni."

"Alikuwa anapuliza moto?"

Sikuwa tena pale na daktari. Nilikuwa jikoni mlimani, namwona mama mkwe amesimama na mdomo wazi, na wote tumemnyamazia.

Daktari alinieleza, na alipoona naelewa hakunificha kitu. Chembe hai ya ubongo ina ukuta, na ukuta una milango midogo sana, kila mlango na kinachopita ndani yake. Ipo ya kupitisha kalsiamu, madini yaleyale yaliyo kwenye mifupa na maziwa. Mlango ukifunguka kwa wakati wake, kalsiamu inaingia, chembe inatuma ujumbe, mtu anaona, anasikia, anajibu. Kuna aina ya mlango wa kalsiamu ambao unatakiwa kukaa umefungwa mpaka usukumwe sawasawa. Kwa wagonjwa kama mwanangu milango hiyo ni myepesi, inafunguka kwa kuguswa kidogo. Na ubaya wake ni kwamba chembe za katikati ya ubongo na za juu yake huanza kufungua na kufunga zote pamoja, kwa mwendo mmoja. Kukiwa hivyo hakuna ujumbe unaopita. Macho yanaona lakini hakuna anayepokea. Kupumua haraka na kwa nguvu, kama mtu anavyopuliza moto, huiamsha hali hiyo.

"Ni kama mfereji," nikamwambia. "Wakifungua wote kwa mara moja, maji yanaruka, kisha hayapo, na hakuna jaruba linalolowa."

Akacheka. "Hiyo nitaiiba, mama."

"Na vidonge vyake?"

"Vile vinashika milango mingine, ya sodiamu, ile iliyo kwenye chumvi. Vinasaidia watu wa kuanguka. Kwa mtoto huyu vilikuwa vinauchochea ugonjwa."

"Basi nimwachishe maziwa, hiyo kalsiamu ipungue."

"Hapana, mama. Maziwa mpe. Ubaya hauko kwenye maji, uko kwenye mlango."

Nikamuuliza ninachotaka. Mtu mzima anaweza kuwa nao? Anaweza, wengi huuacha wakikua, wachache huzeeka nao. Unatoka wapi? Akafikiri. "Huenda ukapita kwenye damu. Bibi akiwa na milango ya namna hiyo, huenda mjukuu akaichukua. Lakini si lazima, na siwezi kumnyooshea kidole mtu ambaye sijampima."

Neno "huenda" nilimwachia mezani pake. Mimi nilibeba yaliyobaki.

Dawa ilibadilishwa. Sitasema ilikuwa kama miujiza, maana ilimletea usingizi na kichefuchefu mwanzoni. Lakini mtoto alirudi. Siku moja nilikuwa napepeta mchele, naye anasimulia ugomvi wa shuleni, anasimulia tu, anasimulia, nikagundua hajakatika hata mara moja. Nikamwambia, "Hebu nyamaza sasa, unanichosha." Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko.

Alipofika miaka kumi na saba daktari akamwachisha dawa taratibu, na ugonjwa haukurudi. Kilichobaki ni mkono. Vidole viwili vya kulia vimeshikana, anaandikia wa kushoto. Leo ni mwalimu wa watoto wadogo, na mtoto akizubaa darasani kwake hachapwi.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu lilikuwa kwenye mkono wa mwanangu, na mimi ndiye sikupoa.

Mwaka juzi fundi mmoja wa mashine za kukoboa, kijana wa Iringa mwenye adabu, alileta habari ya kumuoa. Habari ikapanda mlimani, sijui kwa mguu gani. Simu ikaita.

"Kamwene, shemeji." Alinisalimia kwa lugha ya kwetu, yeye ambaye nilipokuwa kwake aliniambia nikiongea kikwetu nawatisha kuku. "Nasikia mtoto wetu anaolewa."

"Mtoto wenu yupi?"

"Usinichekeshe. Damu ni ya kwetu. Ng'ombe wa mahari wanalala kwenye zizi la ukoo wa baba, hiyo ni mila, hata wewe unaijua."

"Baba yake yuko Chunya. Kaongee naye."

"Baba yake ni mimi. Sikiliza, shemeji, tusifike mbali. Wakwe wanajua ule ugonjwa wa kwenu? Au niwasaidie kuwaambia?"

Hapo alinishika. Kwetu watu hawaozi kabla ya kuchunguza ukoo: kuna wachawi, kuna ukoma, kuna kifafa? Nyumba ikisemwa ina kifafa, binti zake huzeekea kwa mama yao. Kijana mwenyewe alijua. Binti yangu alimwonyesha mkono na kumwambia mapema. Wazazi wa kijana ndio hawakujua.

"Umesema kweli," nikamwambia shemeji. "Mila ni mila. Tutakuja kwenu, na wakwe nitawaleta mwenyewe. Mama ndiye awashe moto."

Alifurahi hata akanitakia usiku mwema, na ilikuwa mchana.

Binti yangu alikuwa amesikia. "Mama, unataka kufanya nini?"

"Kukuoza."

"Mama."

"Kukuoza vizuri."

"Wakisikia kule mbele ya watu, watanikataa." Alikuwa ameuficha ule mkono chini ya kanga, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yangu. "Mimi nampenda huyu mtu. Usinitumie kwa hasira zako."

Nikamjibu, "Wakisikia kutoka kwa baba yako mkubwa watakukataa. Wakisikia kutoka kwangu, tutaona." Hakuridhika. Mimi pia sikuwa na uhakika, lakini sikumwambia.

Kwa watu wa mlima ule, wageni wa posa wakija, mwanamke mkubwa wa ukoo ndiye huwasha moto wa chai yao, na neno la ndoa halitamkwi kabla maji hayajachemka. Na mke wa mtoto akirudi baada ya kukaa mbali, humletea mama mkwe mzigo wa kuni. Nilifuata mila zote mbili. Kuni nilinunua njiani. Nilichagua za mlingoti, mkaratusi wa huko, zilizokatwa jana yake, mbichi zinatoa maji.

Tulifika asubuhi, mwezi wa saba, ukungu haujaondoka. Mama mkwe alikuwa amepungua, amekuwa kama mtoto aliyevaa nguo za mtu mzima. Alinitazama juu hadi chini.

"Umenenepa."

"Nimekula, mama."

Tulikaa jikoni kwa sababu ya baridi, jiko lao ni kubwa. Upande mmoja wazazi wa kijana na mshenga wao, mzee mwenye maneno. Upande wa pili shemeji na wadogo zake. Binti yangu alikaa kwenye mkeka.

"Baridi yote hii," mshenga akasema huku anajikunyata, "nyie mnalalaje?"

"Wawili wawili," shemeji akajibu.

"Ndiyo maana ukoo ni mkubwa. Basi tunahamia."

Wakacheka. Mama mkwe alikuwa anapuliza. Moshi tu. "Kuni gani hizi?" akauliza.

"Za Mbeya, mama. Puliza zitashika."

Alipuliza. Mimi nilisogea nikakaa ubavuni mwake, mkono wangu karibu na wake, kwa sababu mimi sisimami ukutani mtu akiungua. Akapuliza tena, kwa nguvu, mashavu yanatuna. Kisha akasimama. Mdomo wazi, kope zinapepea, vidole vikaanza kuchezea upindo wa kanga.

Jiko likanyamaza. Shemeji akavua kofia. Wageni wakatazamana.

Nilimshika mama mkwe kiganja nikakiweka mbali na makaa. Nikasema, "Wakwe zangu, mwangalieni vizuri. Hivi ndivyo alivyokuwa binti mnayemtaka. Alikuwa nao ugonjwa huu, ukatibiwa, ukaisha. Nawaambia mimi. Na hapa ndipo ulipotoka."

"Nyamaza," shemeji akanong'ona, macho yamemtoka. "Wazee wanaongea."

"Hakuna anayeongea, shemeji. Milango ya kichwa imefunguka yote kwa pamoja. Ndiyo ileile ya mtoto mliyemwacha aungue."

Mama mkwe akarudi. Akapuliza. Shemeji akakunja viganja, maana mazoea yana nguvu, lakini nilimtangulia. Nikachuchumaa, nikapiga makofi polepole kama walivyonifundisha.

"Mama, wamesema nini?"

Alitutazama mmoja mmoja. Alimtazama mjukuu wake, na mjukuu, ambaye nilidhani atakuwa ameinama, alikuwa ameweka mkono wake ule juu ya goti, wazi.

"Hawajawahi kusema kitu," mama mkwe akajibu.

Alikunja upindo wa kanga, akaendelea.

"Huwa natoka. Nikirudi nawakuta mmenyamaza mnanitazama. Mara ya kwanza nilikuwa bibi harusi humu ndani. Niliogopa mtasema kifafa, mnirudishe. Baba mkwe wangu akapiga makofi akauliza wamesema nini. Nikasema neno tu. Akafurahi."

"Na siku ile ya mtoto?" nikauliza.

"Siku ile nilisema la kwangu. Ulisema mbele ya watu kwamba mtoto anafanana nami."

Nimeshaambiwa na watu wa kanisani kwamba hapo ilinipasa kusikia huruma, kwa kuwa na yeye aliogopa kama nilivyoogopa mimi. Nilimsikia vizuri sana. Aliogopa, akamtupa mtoto ili yeye abaki. Nilifurahi, na furaha hiyo sijaitubu.

Lakini sikuwa nimetegemea kilichofuata. Mdogo wa mwisho wa shemeji, aliyekuwa mlangoni, mtu mpole wa kulima kwenye mawe, akauliza taratibu, "Kaka. Na lile shamba la bondeni?"

"Shamba limefanyaje?"

"Wazee walikupa wewe. Wazee gani?"

"Siyo leo. Kuna wageni."

"Mimi nina watoto saba, kaka. Wageni wakae wasikie."

Wakaanza. Kila mmoja alikumbuka neno lake la wazee, na kila neno lilikuwa limeishia kwenye ghala la shemeji. Mimi sikuongeza hata kuni.

Mama wa kijana hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama binti yangu. "Mwanangu, bado unazubaa?"

"Hapana, mama. Tangu nina miaka kumi na saba."

"Na wajukuu wangu?"

Nilitamani amjibu hapana. Nilimtolea macho. Binti yangu akasema, "Huenda. Akitokea wa hivyo dawa ipo, na mimi nitamjua mapema."

Mama yule akamgeukia mumewe. Hapo niliogopa, nasema kweli, kwa sababu kisasi changu nilikuwa nimeshakipata na bado mwanangu angeweza kutoka mle ndani bila mume. Mshenga ndiye aliyedakia. "Kuzubaa kitu gani? Huyu baba wa kijana tukimtuma chumvi anarudi na kiberiti, na hakuna daktari aliyempima."

"Anasema kweli," mama wa kijana akasema. Akamtazama tena binti yangu. "Anayetuambia ugonjwa wake mwenyewe, hatatuficha la mwingine. Sisi tunamtaka. Ng'ombe wanakwenda wapi?"

Shemeji aliacha ugomvi akageuka. "Wanakuja hapa. Ni mila."

"Zizi la aliyemtoa kwenye moto ni lipi?" mama wa kijana akauliza, kama hakumsikia.

"Langu," nikasema. "Iringa."

"Mama, mwambie," shemeji akamwambia mama yake. Na hapo nilimwona kwa mara ya kwanza hana pa kuuliza. Mama mkwe alikuwa anauangalia moto. Wadogo zake wakamwambia akae chini, wao na yeye bado hawajamaliza.

Chai haikunywewa, maji hayakuwahi kuchemka. Tunatoka, mama mkwe alinishika kanga. "Hiyo dawa," akasema, "na mimi naweza kupata?"

"Hospitali iko kule chini, mama. Ukisimama mlangoni kwako unaiona. Imekuwepo miaka yote."

Nikashuka mlima. Baadaye binti yangu mwenyewe alimpeleka bibi yake, akakaa naye kwenye benchi, akamshikia karatasi apulize. Mimi sikumpeleka na sikumkataza. Naambiwa anakunywa dawa yake vizuri. Naambiwa pia shemeji anakula chakula chake peke yake, ndugu zake hawali kwake, na kesi ya shamba iko kwenye baraza la ardhi. Wakinipigia nikawe shahidi nitapanda basi la kwanza.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba Mlandege, ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, viwili vina wapangaji. Mashine ya kukoboa mpunga, ambayo mkwe wangu huihudumia. Majaruba kumi na moja Idodi, hakuna hata moja lililoko mkiani mwa mfereji. Pampu ya maji. Bajaji moja. Mbuzi sijawahesabu wiki hii. Mjukuu mmoja wa kiume, bado ananyonya. Ng'ombe sita wa mahari na ndama wawili waliozaliwa kwangu, wanalala kwenye zizi langu.